Pishi Zimo, Mahindi Hayamo

Hakuna aliyemwita mwanamke yule. Alipanda kilima cha boma umande ukiwa haujakauka, akampita askari wa zamu kama mtu apitaye mbele ya gogo, akaingia ofisi ya polisi na kusimama mbele ya meza ya Koplo Twalibu. Miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu hadi magotini. Kichwani hakuwa na mzigo. Mzigo wake alikuwa ameufunga kifuani ndani ya kanga, kama mtu aliyebeba kichanga.

"Shikamoo, mama," Twalibu alisema, akainuka.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeshika kesi ya Saburi wa Mbwawa?"

"Nimeipokea jana jioni. Wewe ni nani wake?"

"Mkewe. Naitwa Mwanamvua. Nimetoka Mbwawa jana asubuhi, nikalala kwa ndugu njiani."

Twalibu alimsogezea kigoda. Mwanamvua hakukaa. Alifungua kanga, akatoa kifuko cha kitambaa cheupe, kibaba cha mti kilichong'aa kwa kushikwa, na kijiti kifupi kilichonyooka. Akavipanga mezani juu ya jalada la mumewe.

"Nimeleta shahidi," alisema.

Twalibu alifungua kifuko. Yalikuwa mahindi, meupe, mazito, yenye harufu ya moshi. Aliyachota kiganjani na kuyageuza mbele ya dirisha. Kabla hajavaa kofia ya polisi alikuwa amefanya kazi miaka miwili chini ya bwana shamba, na jicho lake lilikuwa bado halijasahau. Hakuona punje hata moja yenye tundu.

"Yametoka wapi?"

"Shamba letu, mavuno ya Agosti. Shamba lile lile, siku ile ile tuliyopeleka mengine ghalani. Haya niliyaacha na maganda yake, nikayaning'iniza juu ya meko. Ndiyo mbegu yangu ya masika. Sina nyingine."

"Na yanashuhudia nini?"

Mwanamvua alimtazama kama anayemtazama mtoto aliyeulizwa jina lake akalisahau. "Mtu hawezi kujua kilichoondoka kama hajui kilichokuwepo. Wote waliokuja kule wameangalia kilichobaki tu."

Twalibu aliyarudisha mahindi kifukoni. Kisha akachukua kalamu, akaandika: kibaba kimoja cha mahindi mazima, kimeletwa na mke wa mtuhumiwa.

"Nitayahitaji siku chache, mama."

"Yahitaji. Lakini nirudishie kabla mvua haijashuka. Na mkono uliopokea ndio urudishe. Nikiyaacha yapite mikono mingi nitaletewa nusu."

"Nitakurudishia mwenyewe. Naapa kwa..."

"Usiape. Sema tu."

"Nitakurudishia."

Mwanamvua aliomba maji, akanywa kata mbili, akarudi njia aliyojia.

Huo ulikuwa mwisho wa Februari, mwaka 1953. Shati la Twalibu lilikuwa na tepe tatu mkononi, ya tatu ikiwa bado nyeupe mno kuliko wenzake. Inspekta Salehe ndiye aliyemwambia aishone mapema, maana barua ya usajini ilikuwa tayari mezani ikingoja saini ya Jumatatu. Kesi ya Mbwawa ilikuwa ya mwisho ya ukoplo wake, na kila mtu pale stesheni aliiona nyepesi.

Jalada lenyewe lilisomeka hivi. Agosti iliyopita iliamriwa kila kijiji kiweke akiba ya mbegu. Watu wa Mbwawa walichanga pishi mia nne za mahindi, zikamwagwa katika kihenge ndani ya ghala, na Saburi akakabidhiwa ufunguo. Pishi moja ya mahindi, yaani vibaba vinne, ina ratili sita, na gunia ratili mia mbili, kwa hiyo pishi mia nne ni magunia kumi na mawili. Wiki iliyopita karani aitwaye Isihaka alitumwa na mizani kupima kabla ya mbegu kugawiwa. Yalipatikana magunia tisa. Matatu hayakuonekana.

Kulikuwa na mambo matatu dhidi ya Saburi. Magunia matatu matupu yalikutwa uvunguni mwa kitanda chake. Jirani aitwaye Mashaka alimwona zaidi ya mara moja akitoka ghalani alfajiri na kikapu. Na alipohojiwa, mtuhumiwa alitamka: "Pishi zimo, mahindi hayamo." Karani alikuwa ameyapigia mstari maneno hayo na kuandika pembeni: amekiri.

Kosa la kuiba akiba ya kijiji lilikuwa na kifungo. Saburi alikuwa amepita miaka sitini.

Twalibu alimkuta mahabusu amekaa wima, amejifunika shuka begani kama aliyeko barazani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa kwanza kunisalimu tangu niletwe."

"Maneno haya ni yako? Pishi zimo, mahindi hayamo?"

"Yangu."

"Yana maana gani?"

"Maana yake ni hiyo hiyo."

"Mahakamani yatasomwa kama umekubali kosa."

"Bwana koplo, karani aliniuliza mara tatu mahindi yako wapi. Nikamjibu. Akasema, vizuri, umekiri, akafunga daftari. Mtu akifunga daftari, mimi nami hufunga kinywa."

"Mimi sijalifunga."

Saburi alimtazama, kisha akatazama daftari, kuhakikisha. "Uliza basi."

"Ulipokea kwa mizani?"

"Mizani? Mizani nimeiona mwezi huu. Nilipokea kwa pishi ya jumbe, mfuto, si ya kilima. Kila mwanamke alijaza, kijiti kikapita juu, sawasawa na mdomo. Mbegu haipimwi kwa kilima, italeta maneno."

"Na karani alipopima, aliitumia pishi hiyo?"

"Hakuigusa. Alisema hayo ni mambo ya babu zetu."

"Na kikapu cha alfajiri?"

"Kawaulize kuku," Saburi alisema, akajifunika shuka vizuri.

Siku iliyofuata Twalibu alikifungia kifuko cha Mwanamvua katika kabati, akachukua kibaba chake na kijiti, akapanda baiskeli kwenda Mbwawa. Aliwasili jua likiwa utosini. Jumbe Kibwana, mtu mfupi mwenye kanzu iliyofifia, alimfungulia ghala lililotiwa lakiri na karani.

Magunia tisa yalisimama ukutani. Twalibu hakuyagusa mwanzoni. Alisimama mlangoni akayatazama kwa muda mrefu hadi jumbe akakohoa.

"Kuna nini, bwana?"

"Jumbe, umewahi kuona gunia la mahindi la ratili mia mbili?"

"Nimebeba mengi nilipokuwa kijana."

"Mdomo wake hushonwaje?"

"Unakunjwa, unashonwa. Nafasi hubaki."

"Na haya?"

Jumbe alisogea. Kila gunia lilikuwa limejaa hadi kupasuka, na kwa kuwa mdomo haukuweza kufungwa, mtu alikuwa ameshonea juu yake kipande kingine cha gunia.

"Yamevaa vilemba," jumbe alisema polepole.

"Karani alijaza hadi mizani iseme mia mbili. Mahindi mazima yangesema hivyo mapema, na mdomo ungekunjika. Haya yamegoma kufika."

Aliomba yale magunia matatu matupu yaliyokutwa uvunguni. Aliyageuza ndani nje mlangoni, kwenye jua, akapitisha kiganja kwenye pembe za chini. Kiganja kikatoka safi. Kisha akafanya hivyo hivyo juu ya mshono wa gunia moja lililojaa: kiganja kikatoka cheupe kama cha mtu aliyekuwa akisaga, na fukusi wawili weusi wakatembea juu yake.

"Hayo matatu hayajawahi kubeba mahindi haya," alisema. "Nani aliyaleta?"

"Boma lilileta kumi na mawili, mapya, kwa ajili ya kugawa. Saburi aliyatunza. Karani alichukua tisa, matatu yakabaki pale pale yalipokuwa."

Twalibu aliandika. Kisha akauliza nyumba ya Mashaka.

Haikuwa lazima kwenda. Mashaka alikuwa amesimama nyuma ya umati mdogo uliokusanyika, mtu mrefu mwembamba, amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili. Alijongea mwenyewe.

"Bwana koplo, mimi ndiye niliyesema."

"Ulimwona na kikapu?"

"Nilimwona."

"Hapa imeandikwa ulisema: Saburi anashiba mahindi ya watu, ndiyo maana tumbo limemtangulia."

Umati ulicheka kidogo, ukanyamaza haraka. Mashaka hakucheka.

"Nilitania. Mama yangu ni shangazi yake. Mimi na Saburi ni watani tangu tunatambaa. Nilipofiwa na baba yeye alikuja kunizibia njia ya makaburini, akasema marehemu anadaiwa kuku. Karani alitukuta tumekaa hapa, nikamtania mwenzangu mbele ya watu. Nikaona mtu anaandika."

"Hukumwambia aache?"

"Mtani akisema, nani huandika?"

Mwanamke mmojawapo akasema, "Ungenyamaza siku moja tu, Mashaka." Mashaka akapokea neno hilo kichwa kikiwa chini.

"Kikapu kilikuwa na nini?" Twalibu aliuliza.

"Sikuangalia, bwana. Niliona kikapu."

Twalibu alikumbuka jibu la Saburi. Akazunguka nyuma ya nyumba ya mzee. Kuku sita walikuwa wakipekua jalalani. Aliwafukuza, akachimba kwa kijiti. Chini ya majivu kulikuwa na tabaka la unga wa kijivu, nene kama kiganja, limechanganyika na chenga na maganda ya fukusi waliokufa. Alfajiri kwa alfajiri mzee alikuwa akipepeta kihenge peke yake, akitupa kilichokwisha kuliwa ili kilichobaki kipumue.

"Sasa tupime," alisema aliporudi. "Kwa pishi."

"Yote?" jumbe aliuliza.

"Yote. Pishi ile ile ya Agosti."

Mwanamvua, aliyekuwa amefika na kusimama pembeni, alishika ungo kuja kusaidia. Twalibu alimzuia.

"Wewe kaa kule, mama. Mkono wako usiguse hata punje. Wasije wakasema."

Aliuweka ungo chini, akaenda kukaa.

Jumbe alijaza, mwanamke mmoja alifuta kwa kijiti, na Mashaka akahesabu kwa sauti, akitia kokoto moja chunguni kwa kila pishi. Aliomba kazi hiyo mwenyewe. Alihesabu bila kutia neno la pembeni, na watu walimtazama kama mtu mgonjwa. Gunia la kwanza lilitoa pishi arobaini na nne. Lililofuata vivyo hivyo. Jua lilikuwa limeegemea minazi Mashaka alipotia kokoto ya mwisho.

"Mia tatu tisini na saba," alisema.

Pishi mia nne ziliingia Agosti. Tatu zilikuwa jalalani, chini ya miguu ya kuku.

"Pishi zimo," jumbe alinong'ona.

Twalibu alichota mahindi juu, katikati na chini ya magunia matatu kati ya yale tisa, akayachanganya, akajaza kibaba cha Mwanamvua, akafuta kwa kijiti chake. Akayafunga katika karatasi mbele ya jumbe.

Asubuhi ya pili alikuwa amerudi bomani Kisarawe. Aliazima mizani ndogo kutoka dukani, akaiweka juu ya meza ya Inspekta Salehe, akamwita Isihaka. Karani alikuja na shati lililopigwa pasi na daftari chini ya kwapa. Alikuwa kijana, wa umri wa Twalibu mwenyewe, na hakuonekana mtu mbaya.

"Pima wewe," Twalibu alimwambia. "Nisije nikaharibu."

Isihaka alijaza kibaba kwa mahindi ya kifuko cheupe, akafuta, akamimina kwenye mizani. "Wakia ishirini na nne. Ratili moja na nusu. Sawa kabisa."

"Na haya ya ghalani. Kibaba hicho hicho."

Karani alijaza, akafuta, akamimina. Alitazama mizani. Akaimwaga, akajaza upya, akapima tena. Mara ya tatu aliinama mpaka pua ikakaribia sahani.

"Kumi na nane," alisema.

"Robo imeondoka," Inspekta Salehe alisema kutoka kitini. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi masikioni, aliyesikiliza zaidi kuliko alivyosema.

"Robo ya magunia kumi na mawili ni mangapi?" Twalibu aliuliza.

Isihaka aligeukia sahani ya mizani. Alichukua punje moja ya ghalani, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikavunjika kama ganda la yai, na ndani yake hapakuwa na kitu isipokuwa unga na mdudu mmoja aliyejikunja.

"Matatu," alisema. "Mwizi aliingilia humu."

"Akala ndani, akaacha nyumba imesimama. Kwa pishi huwezi kumwona. Kwa mizani unaona pengo tu, hujui limetoka wapi. Mzee alikuwa na neno la kueleza vyote viwili, akalisema mara tatu."

"Nilidhani pishi na ratili ni ndugu."

"Ni ndugu mahindi yakiwa mazima. Unatia saini?"

Karani alichukua kalamu. Alijua jina lake litasomwa na wakubwa zake. Kisha akatia saini, kwa herufi kamili, na Inspekta akatia ya kwake chini, na Twalibu ya kwake.

"Nani aliamuru yapukuchuliwe kabla ya kuwekwa?" Twalibu aliuliza.

"Ilikuwa amri. Ili yapimike kwa urahisi."

"Watu wa Mbwawa huyaacha na maganda, juu ya moshi. Liandikwe hilo pia. Mwakani wasipukuchue."

Likaandikwa.

Saburi alitolewa mchana ule. Alikunja shuka lake, akauliza kama kuku wake wapo, akaambiwa wapo.

Lakini Inspekta alipolifunga jalada alinyoosha mkono juu ya kifuko cheupe. "Hiki kinakwenda Dar es Salaam pamoja na karatasi. Kielelezo namba moja."

"Kitarudi lini, afande?"

"Wakishamaliza. Mwezi, miezi miwili."

"Ni mbegu ya yule mama. Nilimwahidi ataipata kabla ya mvua. Mbegu yote ya kijiji imeliwa kiini, haitaota. Hana nyingine."

"Nitamwandikia apewe mbegu."

"Mvua haingoji barua, afande. Karatasi ya mizani ina saini tatu, ya karani mwenyewe ikiwemo. Sampuli ya ghala ipo. Mzee ameshaachiwa."

"Najua yote hayo." Inspekta alivua miwani. "Kielelezo kimeandikwa kwa jina lako. Kikitoka hapa kabla ya amri, sitakutia pingu, na wala sitasema ulikosea mbele ya Mungu. Lakini nitaandika, kwa kuwa ni kazi yangu kuandika. Na barua iliyo mezani kwangu siwezi kuitia saini. Unanielewa?"

"Nakuelewa, afande."

"Wewe ni polisi au bwana shamba?"

"Nilisema nitarudisha," alijibu.

Inspekta aliondoa mkono wake juu ya kifuko, akageukia dirisha.

Jumatatu alfajiri Twalibu alikaa kwenye ngazi ya nyumba yake na wembe, akakata uzi wa tepe ya tatu, mmoja mmoja. Kisha akapanda baiskeli. Kuanzia saa tatu mawingu yalimfuata, mazito, yakitokea upande wa pwani, na alipokaribia Mbwawa upepo ulikuwa umebadilika na kuleta harufu ya udongo ulioloa mahali pengine.

Mwanamvua alikuwa shambani. Alikwisha kuchimba mashimo, safu kwa safu, hadi mpakani, naye alikuwa amesimama katikati yake ameegemea jembe. Saburi alikuwa upande wa pili, akitengeneza uzio. Mashaka alikuwa pamoja naye, ameshika kamba na kusema jambo, na mzee alikuwa akimjibu kwa tusi la utani.

Twalibu alishuka. Alitoa kifuko, kibaba na kijiti, akampa kwa mikono miwili.

Mwanamvua alipiga magoti, akatandika kanga, akajaza kibaba. Akapitisha kijiti juu yake taratibu. Hakuna punje iliyoanguka, wala pengo lililobaki.

"Mfuto," alisema.

"Mfuto, mama."

Aliinua macho kumshukuru, yakaishia kwenye mkono wa shati lake. Chini ya tepe mbili zilizopauka palikuwa na alama yenye umbo la tepe, iliyochorwa na vitundu vidogo vya sindano. Mwanamvua aligusa vitundu hivyo kwa ncha ya kidole.

"Nini hiki kimekutoboa?"

Twalibu alitazama mkono wake, kisha mashimo yaliyokuwa yakingoja.

"Fukusi," alisema. "Panda, mama. Mvua imefika."